Mwongozo kamili wa mzazi: namna ya kumwandaa mtoto kwa balehe na kumsindikiza hadi ukubwani

Wazazi wengi hukwama mahali pale pale. Wanasubiri hadi waone dalili, wanamwita mtoto sebuleni, wanamaliza yote kwa nusu saa, na mengi katika hayo ni makatazo. Mtoto anatazama sakafu, anasema "nimesikia, mama," na jambo linafungwa. Miezi michache baadaye msichana anaona damu akiwa shuleni na anadhani anaumwa. Mvulana naye anafua shuka zake usiku kwa kujificha.

Kinachofaa ni maongezi madogo, mengi, yanayofuata mpangilio: mwili kwanza, hisia zifuate, maamuzi ya mapenzi na ngono yaje mwisho. Ukianza na "ole wako ulete mimba hapa" kabla hujamweleza kwa nini titi lake moja linauma, umemwonyesha kwamba huko nyumbani hakuna pa kuuliza.

Mwongozo huu ni wa mtoto wa miaka 8 hadi 17. Ukianza umechelewa, anzia hatua ya kwanza hata hivyo, ila nenda haraka.

## Mahitaji

Viandae vitu hivi kabla ya kufungua mdomo, kwa sababu mengi utamwonyesha kwa mikono.

- Pakiti mbili za taulo za kike (pedi), au pedi za kitambaa za kufua.
- Chupi tatu au nne za pamba zinazokaa vizuri mwilini. Pedi haishiki kwenye chupi iliyolegea.
- Kimfuko cha zipu kinachoingia kwenye begi la shule.
- Kalenda ya ukutani au daftari dogo, na kalamu.
- Dodoki lake, taulo lake na wembe wake, visivyoguswa na mtu mwingine.
- Futi ya fundi cherehani na mahali pa kuweka alama ya urefu. Fremu ya mlango inatosha.
- Kadi yake ya chanjo.
- Mtu mzima wa pili anayeaminika: shangazi, mjomba, bibi, au somo.
- Namba ya kituo cha afya kilicho karibu, na namba 116, ambayo ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto Tanzania, Kenya na Uganda.

## Hatua ya 1: Ijue ratiba ya mwili

Kwa msichana, balehe huanza kati ya miaka 8 na 13. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kifundo kigumu chini ya chuchu, na huweza kuanza upande mmoja tu. Kinauma kikiguswa. Kuna akina mama wanaokimbizana na hospitali wakidhani ni uvimbe mbaya. Kumbe ni titi linaanza, na la pili litafuata baada ya miezi kadhaa.

Kifundo hicho ndicho kengele yako. Hedhi ya kwanza huja takriban miaka miwili hadi miwili na nusu baada yake, kwa hiyo una muda wa kutosha, lakini muda umeanza kuhesabika.

Kwa mvulana, balehe huanza kati ya miaka 9 na 14, na dalili ya kwanza ni korodani kuongezeka ukubwa. Hakuna anayeiona, ndiyo maana wazazi wa wavulana huchelewa. Baadaye huota nywele za sehemu za siri, uume hukua, kisha urefu hupanda na sauti huvunjika.

Wasichana hurefuka mapema, kabla ya hedhi, kwa kasi inayofikia sentimita 8 hivi kwa mwaka. Wavulana huja nyuma kwa takriban miaka miwili, lakini kasi yao hufika sentimita 9 au 10 kwa mwaka. Ndiyo sababu darasa la sita wasichana wanawapita wavulana kimo, na kidato cha tatu mambo yanageuka. Weka alama kwenye fremu ya mlango kila baada ya miezi mitatu. Mvulana mfupi anayeona mstari unapanda hutulia kuliko anayeambiwa tu "utakua."

Kuna jambo moja linalowatesa wavulana wengi kimya kimya: karibu nusu yao huota kifundo kwenye titi wakati wa balehe. Huondoka chenyewe, mara nyingi ndani ya miaka miwili. Mwambie kabla hajaanza kuvaa sweta wakati wa jua kali.

Chanzo cha yote haya kiko kichwani. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha ovari au korodani, ambazo hutoa homoni za estrojeni na testosteroni. Tezi zilizo juu ya figo nazo huleta kikwapa na baadhi ya nywele. Mtoto akielewa mlolongo huu, hata kwa ufupi, haoni tena kama mwili umemgeuka.

Tahadhari. Mpeleke hospitali ukiona dalili za balehe kabla ya miaka 8 kwa msichana au 9 kwa mvulana. Mpeleke pia kama hakuna dalili yoyote msichana akifika miaka 13 au mvulana miaka 14, au kama hedhi haijaja akifika 15.

## Hatua ya 2: Amua nani aseme, na wapi

Katika nyumba nyingi za pwani, na bara pia, mama hamwelezi binti yake mambo haya moja kwa moja. Ni kazi ya shangazi, bibi au somo. Usilione hilo kuwa kasoro. Jando na unyago viliweka msingi mzuri: mtu maalumu, aliyepewa kazi hiyo, mwenye muda. Kaa naye kwanza mkubaliane atakachosema. Mtoto wa miaka 10 anahitaji kujua pedi, usafi na kalenda. Mafundisho ya unyumba si ya umri huo.

Wavulana ndio wanaosahauliwa. Wakishatahiriwa watu wanakula pilau, na hakuna anayewaambia lolote tena. Kama baba hayupo, tafuta mjomba au babu na umkabidhi kazi hiyo kwa jina.

Mahali pazuri ni pale mikono na macho vina shughuli: mnachambua mchele, mnamenya viazi, mnatembea kwenda dukani. Kumkabili mtoto uso kwa uso kunamfunga mdomo, hasa mvulana. Dakika kumi zinatosha. Maongezi yanaweza kwenda hivi:

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba mama. Njoo tuchambue mchele huu. Hivi pale darasani kwenu kuna aliyeanza kuingia mwezini?"

"Yupo mmoja. Wanamcheka."

"Wanamcheka kwa sababu hawajui. Na wewe itakuja, labda mwaka huu, labda mwakani. Kesho nikuonyeshe pedi inavyowekwa?"

"Sawa shangazi."

Ishia hapo. Umefungua mlango, na kesho mna sababu ya kukutana. Hatua hii imefaulu siku mtoto atakapoanzisha swali mwenyewe, hata kama ni la ajabu. Usicheke, wala usiulize "nani kakufundisha hayo?"

## Hatua ya 3: Muandae msichana kwa hedhi ya kwanza

Hii usiharakishe.

Fungua pedi mbele yake. Toa karatasi ya nyuma, ibandike katikati ya chupi, kunja mabawa kwa chini. Kisha mwagia vijiko viwili vya juisi ya choya na umwache aone inavyonywa. Mwambie kwamba kwa siku zote za hedhi damu inayotoka kwa kawaida ni kama vijiko viwili au vitatu vya chakula, ingawa kwa macho huonekana nyingi. Mwambie pia kwamba ya kwanza huweza kuwa na rangi ya kahawia. Wengi hutarajia nyekundu na hawaitambui.

Mwache yeye airudie. Abandike, aivae ndani ya nyumba kwa saa moja, aivue, aikunje kwenye karatasi. Isitupwe kwenye choo cha kuvuta maji kwa sababu inaziba, na ikiingia kwenye choo cha shimo inalijaza shimo upesi.

Mpe saa za kubadilisha. Kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama haijajaa. Damu iliyokaa hutoa harufu na huchubua ngozi.

Kama ni pedi za kitambaa, ziloweke kwenye maji baridi, kwani ya moto hugandisha doa. Fua kwa sabuni, suuza hadi maji yawe meupe, anika juani. Hapa ndipo wengi hukosea: wanazianika chini ya godoro au nyuma ya kabati kwa aibu. Kitambaa kisichokauka vizuri huota ukungu na kuleta miwasho. Kama aibu ni kubwa, zianike kwenye kamba na uzifunike na kanga nyepesi, ila jua lizifikie.

Mfundishe kalenda. Siku ya kwanza ya damu ni namba moja. Ahesabu hadi siku iliyotangulia hedhi inayofuata. Kwa msichana anayeanza, mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida, na damu hukaa siku 2 hadi 7. Mwaka wa kwanza na wa pili mpangilio hauaminiki, kwa sababu ovari bado hazitoi yai kila mwezi.

Hapo hapo mweleze jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui: yai huweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza kabisa, kwa hiyo mimba inawezekana hata kwa ambaye hajavunja ungo. Na kalenda ya msichana mdogo haifai kamwe kutumika kukwepa mimba.

Maumivu. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitenge, iwekwe chini ya kitovu. Matembezi husaidia. Paracetamol, au ibuprofen baada ya kula, hutosha kwa wengi. Maumivu yanayomlaza kitandani kila mwezi na kumkosesha masomo si ya kuvumilia. Apelekwe kwa daktari.

Chakula. Damu inayotoka hubeba madini ya chuma. Maini, maharage, mchicha, matembele na kisamvu viwepo, vikisindikizwa na chungwa au ndimu ili chuma kiingie mwilini. Chai isinywewe pamoja na mlo, maana huzuia chuma. Asubiri saa moja hivi.

Dini. Kwa familia za Kiislamu, wiki hiyo hiyo bibi au ustadhati amfundishe kuoga josho la hedhi, kwamba haswali wala hafungi katika siku hizo, na kwamba funga za Ramadhani atazilipa. Akilijua mapema hapati aibu ya kuulizwa mbele za watu kwa nini anakula mchana.

Tahadhari. Pedi inayojaa kabisa kila saa moja au mbili, damu inayopita siku 7, kizunguzungu au kuzimia: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Umefaulu kama kimfuko cha zipu kimo kwenye begi chenye pedi mbili, chupi moja na mfuko wa plastiki, na kama siku ikifika atakuja mwenyewe akuambie "nimeanza."

## Hatua ya 4: Muandae mvulana

Anza na ndoto nyevu. Mwambie: "Baba, kuna usiku utaamka umelowa, na si mkojo. Ni manii. Mwili umeanza kuyatengeneza. Si ugonjwa, wala hupungukiwi nguvu." Mpe shuka la ziada na umfundishe kufua, kisha usihoji kwa nini ameanika shuka Jumatano. Mwislamu afundishwe josho la janaba.

Sauti huvunjika kwa sababu zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, limekua. Huweza kupanda na kushuka kwa miezi kadhaa. Nyumbani kwako pasiwe na mtu wa kuiga sauti hiyo, hata kwa utani; kuna wavulana wanaoacha kunyoosha mkono darasani kwa ajili hiyo tu.

Tahadhari ambayo kila mvulana lazima aisikie. Korodani huweza kujinyonga ghafla na damu kukatika. Maumivu ni makali, huweza kuambatana na kutapika. Upasuaji unatakiwa ndani ya saa sita hivi, vinginevyo korodani huweza kufa. Wavulana hupoteza saa hizo kwa aibu, au kwa kusema tumbo linauma. Mwambie waziwazi: "Korodani ikikuuma ghafla, hata iwe saa nane ya usiku, niamshe." Arudie maneno hayo mbele yako.

## Hatua ya 5: Jasho na chunusi

Aoge kila siku, asugue makwapa, abadilishe soksi. Uso uoshwe mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, chunusi zisiminywe. Dawa ya meno na ndimu huunguza ngozi. Mkorogo na krimu zenye steroidi ni hatari zaidi: hulainisha uso kwa wiki chache, kisha chunusi hurudi kwa wingi na ngozi hubaki nyembamba. Dawa ya benzoili peroksaidi kutoka duka la dawa husaidia, lakini inahitaji wiki sita hadi nane. Zinazoacha makovu zinamhitaji daktari wa ngozi.

## Hatua ya 6: Badilisha nyumba iendane na ubongo wake

Hapa ndipo ugomvi mwingi wa nyumbani huzaliwa, kwa hiyo soma polepole.

Mtoto akifika miaka 6, ubongo wake umeshafikia takriban asilimia 90 ya ukubwa wa mtu mzima. Unaobadilika katika ujana ni mpangilio wa ndani. Kama mkulima anavyopunguza miche ya mahindi ili inayobaki inenepe, ubongo huondoa viunganishi vya seli zake visivyotumika na kuvikazia vinavyotumika. Vinavyobaki huvikwa mafuta maalumu yanayoharakisha mawasiliano.

Kazi hiyo haiendi sawasawa. Sehemu za hisia kali na za kutafuta raha huchangamka mapema katika balehe. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopima madhara na kuzuia pupa, hukamilika mwisho, kwenye miaka ya ishirini na kitu. Ndiyo sababu mtoto yule yule aliyekueleza hatari za bodaboda kwa ufasaha jioni, kesho anapanda mishikaki na wenzake watatu. Anazijua hatari. Mbele ya wenzake, au akiwa na hasira, ujuzi huo haumfikii kwa wakati.

Sasa fanya haya:

1. Usihukumu palipo moto. Mlango ukibamizwa, sema "tutaongea baada ya kula," kisha kweli mwongee. Usipoitimiza ahadi hiyo, mara ya pili haitafanya kazi.

2. Amueni mapema, akiwa ametulia. "Ukialikwa kupanda pikipiki ya mtu aliyelewa, utasema nini?" Atunge maneno yake mwenyewe na ayaseme kwa sauti. Mkubaliane neno moja ambalo akilituma kwa simu, utakwenda kumchukua na hutamhoji usiku huo.

3. Mpe maamuzi ya kweli. Mkabidhi fedha za matumizi ya wiki na umwache azigawe. Zikiisha Jumatano, usiongeze. Alale na njaa? Hapana, nyumbani chakula kipo. Alichokosa ni soda na vocha, na hapo amejifunza.

4. Linda usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Homoni ya usingizi, melatonini, huanza kutoka usiku zaidi kuliko alipokuwa mdogo, kwa hiyo asiposikia usingizi saa tatu usiku si ukaidi. Tatizo ni kwamba shule haimsubiri. Simu zote zichajiwe chumbani kwa wazazi kuanzia saa tatu usiku, ya kwako ikiwemo. Vyombo vya jioni vioshwe kwa zamu. Jumamosi mwache azidishe saa moja au mbili, asilale hadi adhuhuri.

5. Pombe, bangi na shisha: mweleze kwamba kinachozoeleka wakati ubongo unajipanga hushika mizizi zaidi. Sema hivyo bila vitisho vya uongo, maana siku akigundua umetia chumvi, hata ukweli wako utatupwa.

Usitegemee ugomvi uishe. Angalia kama unaisha haraka zaidi, na kama kijana anarudi mwenyewe kuongea.

## Hatua ya 7: Tofautisha hasira za kawaida na ugonjwa

Kununa siku mbili, kulia kwa jambo dogo, kutaka faragha: hayo ni ya umri. Angalia muda. Huzuni au hasira ikizidi wiki mbili mfululizo, pamoja na kuacha alivyovipenda, kutolala, kutokula au kushuka ghafla shuleni, mpeleke kituo cha afya. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14, kwa hiyo usiseme "ni mdogo, ana mawazo gani?"

Ukiwa na wasiwasi, muulize wazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, humpa nafasi ya kutua mzigo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Siku hiyo hiyo funga mahali pasipofikika sumu ya panya, dawa za kilimo na vidonge, kisha nenda naye hospitali.

## Hatua ya 8: Sasa ongea mapenzi, mimba na usalama

Ukifika hapa kwa mpangilio, mtoto ameshazoea kwamba unajibu. Ongea haya kwa siku tofauti:

- Mwili ni wake. Mtu mzima yeyote, ndugu au mwalimu, anayemwambia "hii iwe siri yetu" atajwe kwako, na hutamlaumu mtoto.
- Picha ya utupu ikishatumwa hairudi. Akitishiwa kwa picha, asilipe wala asifute ujumbe, aje kwako.
- Akibakwa, aende hospitali haraka kabla ya kuoga. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72.
- Chanjo ya HPV, kirusi kinachoenea kwa ngono, hukinga saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania tangu 2024 inatoa dozi moja kwa wasichana kuanzia miaka 9. Kenya ilianza kuchanja wasichana wa miaka 10 mwaka 2019. Angalia kadi yake.
- Mimba ikitokea, shule haijaisha. Tanzania iliruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi shuleni tangu Novemba 2021. Ajue hilo kabla hajashawishiwa kutoa mimba vichochoroni.

## Mtoto akikataa kabisa kuongea

Nunua daftari la kurasa 40. Andika swali moja ndani, liweke chini ya mto wake: "Kuna kitu mwilini mwako kinakushangaza?" Yeye ajibu au aulize lake, alirudishe chini ya mto wako. Lisisomwe na kaka wala dada, na yaliyomo yasitajwe mezani. Jibu ndani ya siku moja, hata kama jibu lenyewe ni "sijui, kesho nitamuuliza nesi," na kesho yake uende kweli ukaulize.